Nani Anatakiwa Kusema Ndiyo? Uwezo na Mipaka ya Taasisi za Dunia, Ukitazama kutoka Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji unaoyajua mashirika ya dunia kwa majina kuliko unavyowajua mawaziri wake. MONUSCO (kikosi cha amani cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo), HCR (wakimbizi), PAM (chakula), OMS (afya), CPI (mahakama ya jinai): kwetu haya ni maneno ya sokoni. Magari meupe tumeishi nayo tangu Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu ndani ya siku chache, na kipindupindu kikawaua kwa maelfu juu ya mawe ya volkano. Lakini uliza kwenye kituo cha motari (pikipiki za abiria) kule Birere kazi ya hao watu ni nini hasa, na nani mwenye uwezo wa kuwaamuru. Utasikia majibu mawili. La kwanza, wanaweza kila kitu ila hawataki. La pili, hawawezi lolote, wamekuja kula pesa.

Majibu haya yote mawili yametuumiza. Aliyeamini la kwanza alibaki nyumbani akingoja kofia za bluu, yaani askari wa amani, zimkinge. Aliyeamini la pili hakuona haja ya kuandikisha aliyotendewa, maana mahakama za mbali hazina faida kwake. Mimi naona kuna swali linalofaa kuliko hayo mawili, nalo ni hili: kwa taasisi hii, na kwa jambo hili, nani anatakiwa kusema ndiyo ndipo kazi ifanyike? Ukishamjua huyo, unajua wa kumlaumu na wa kumsukuma.

Tuanze na ONU, yaani Umoja wa Mataifa wenyewe. Umoja wa Mataifa si serikali ya dunia. Mkataba wake ulitiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, na waliotia saini walikuwa mataifa, yakilinda uhuru wao wakati uleule yalipokuwa yakiahidi kushirikiana. Leo wanachama ni 193. Umoja huo hauna kodi yake, hauna gereza, na hauna jeshi. Jeshi lilikusudiwa: Ibara ya 43 ya Mkataba ilitaka mataifa yafanye makubaliano ya kuliwekea Baraza la Usalama vikosi vya kudumu. Vita Baridi ikaanza, na hadi leo hakuna hata makubaliano moja ya namna hiyo yaliyofungwa. Kwa hiyo kila askari mwenye kofia ya bluu uliyewahi kumwona pale Monigi au Sake ni wa kuazimwa, kutoka India, Afrika Kusini, Uruguay, Bangladesh, Tanzania, Malawi na kwingineko. Mavazi ni ya ONU, lakini mshahara wake, adhabu yake na simu ya usiku ya kumwamuru viko kwao.

Fedha nazo ni hivyohivyo. Ni likelemba, yaani mchango wa kikundi: kisanduku kina kile tu wanachama walicholeta, na mwanachama mkubwa akigoma, mweka hazina hana polisi wa kumtuma. Hili lilionekana mapema sana, tena hapahapa Kongo. Mwezi Julai 1960 Baraza la Usalama lilituma kikosi kilichoitwa ONUC, ambacho kilifikia karibu watu 20,000 na kikamaliza kujitenga kwa jimbo la Katanga mnamo Januari 1963. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola, Septemba 1961, akiwa katika shughuli za mgogoro huohuo. Na bado Ufaransa na Urusi ya Kisovieti zilikataa kulipia kikosi hicho. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko Hague, ilitoa maoni yake Julai 1962 kwamba gharama hizo ni deni halali la wanachama wote. Waliokataa wakaendelea kukataa, na mwaka 1964 mvutano huo ukakwamisha upigaji kura wa kawaida katika Baraza Kuu. Wazee wa Lubumbashi waliowaona askari wale wakiingia mjini hawakujua kwamba bili ya petroli ya magari yao ilikuwa ikitikisa New York.

Mwaka 2025 tumeyaona tena, sasa kwa upande wa chakula na dawa. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa imetoa karibu asilimia 70 ya fedha za misaada ya kibinadamu nchini mwetu. Washington ilipobadili uamuzi, vituo vya afya vikakosa dawa na mgao wa PAM ukapungua, na Oktoba 2025 ONU ikatangaza kupunguza askari wake wa amani duniani kwa takriban robo kwa sababu ya ukata. Mkurugenzi wa shirika ofisini Himbi hakuamua hayo.

Sasa Baraza la Usalama, maana ndilo linalotajwa zaidi katika mazungumzo yetu. Lina wanachama 15. Watano ni wa kudumu: Marekani, Urusi, China, Ufaransa na Uingereza, na kila mmoja ana kura ya turufu. Azimio linapita likipata kura 9 bila mmoja wa hao watano kulipinga. Likishapita, Ibara ya 25 inasema wanachama wote wamekubali kulitekeleza. Kwenye karatasi hakuna chombo duniani chenye nguvu kuliko hicho.

Chukua Azimio 2773. Goma iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari. Tarehe 21 Februari Baraza lilipitisha azimio hilo, lililoandikwa na Ufaransa, chini ya Sura ya VII, sura ya maamuzi mazito. Wote 15 walilipigia kura ya ndiyo. Lilitaka M23 iondoke Goma, Bukavu na maeneo mengine iliyoyashika. Lilitaka pia jeshi la Rwanda liache kuisaidia M23 na liondoke katika ardhi ya Kongo mara moja, bila masharti. Kigali kwa upande wake imekuwa ikikana kuisaidia M23 na kusema inachukua hatua za kujilinda. Tulilisoma azimio hilo kwenye simu, likipita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine, tukiwa chini ya utawala uleule ambao azimio lilitaka uondoke. Watu walifurahi. Siku zikapita, miezi ikapita, na mjini hakuna kilichobadilika.

Kosa letu, na hili waandishi wa habari hawakutueleza vya kutosha, ni kudhani kwamba kudai ni sawa na kulazimisha. Mkataba una ngazi. Baraza linaweza kudai. Linaweza kupanda juu zaidi kwa Ibara ya 41 na kuweka vikwazo vya uchumi na usafiri. Linaweza kufika Ibara ya 42 na kuruhusu nguvu za kijeshi. Azimio 2773 lilisimama ngazi ya kwanza: lilitaja wahusika, likadai, likatoa onyo kwa ujumla, wala halikumpa adhabu mpya yeyote siku ile. Kwa maoni yangu kura 15 zilipatikana kwa urahisi kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya hao 15 aliyetakiwa kutoa kitu.

Linganisha na mara ya kwanza M23 ilipoingia Goma, tarehe 20 Novemba 2012. Siku hiyo pia walinda amani walikuwepo na hawakuzuia, na hasira ya watu ilikuwa kubwa. Lakini kilichofuata kilikuwa tofauti. Nchi kadhaa wafadhili zilikuwa tayari zimesimamisha sehemu ya misaada kwa Rwanda. Machi 2013 Baraza likapitisha Azimio 2098 na kuunda brigedi ya kuingilia kati, ya kwanza ya aina yake katika ONU, yenye amri ya kuvunja nguvu za makundi yenye silaha. Na nchi tatu, Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, zikakubali vijana wao wapigane kweli, bega kwa bega na jeshi la Kongo, kuanzia Kibati. Ilipofika Novemba 2013 M23 ilikuwa imeshindwa. ONU ya 2013 ilikuwa na Mkataba uleule na kura za turufu zilezile za 2025. Tofauti ni kwamba safari ile mataifa yalisema ndiyo mahali pengi kwa wakati mmoja: New York, Pretoria, Dar es Salaam, Lilongwe, Kinshasa, na kwenye mifuko ya wafadhili. Mwaka 2025 Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya zilichukua hatua dhidi ya Kigali au maofisa wake pia, lakini miji ilikuwa imeshaanguka.

Hapo Kinshasa pana jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia. Kikosi cha amani hukaa nchini kwa ridhaa ya serikali ya nchi hiyo. Serikali yetu ndiyo iliyoomba MONUSCO iondoke, na Baraza likakubali mpango huo Desemba 2023. Kufikia mwisho wa Juni 2024 kofia za bluu zilikuwa zimeondoka Kivu Kusini. Bukavu ilipochukuliwa miezi saba na nusu baadaye, hapakuwa na kikosi cha MONUSCO cha kulaumiwa. Sisemi kingezuia mji usichukuliwe; Goma kilikuwepo na mji ukachukuliwa. Nasema tu kwamba ndiyo ya Kinshasa ilikuwa imeshatolewa mapema, na hasira za wananchi, zile za Julai 2022 zilizoua zaidi ya watu 30, raia na walinda amani, zilichangia kuileta. Nazielewa hasira zile. Miaka zaidi ya 20 watu waliambiwa kikosi kipo kwa ajili ya kulinda raia, na hakuna aliyewasomea maneno yanayofuata: kulingana na uwezo wake na mahali kilipo. Waliopaswa kuyasoma kwa Kiswahili, kwenye redio, kijiji kwa kijiji, ni ONU wenyewe. Walipokaa kimya walituacha tutegemee ahadi ambayo haikuwahi kuandikwa.

Majeshi ya kanda sitayazungumzia kwa urefu. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikuja Novemba 2022 na kuondoka kabla mwaka 2023 haujaisha. Cha SADC kikaingia Desemba 2023, askari wake wakafa katika mapigano ya Januari 2025 kuelekea Goma, na Machi mwaka huo SADC ikafuta agizo lake. Kuwa jirani hakukutosha.

Mahakama ndiko ambako swali la nani amesema ndiyo linaonekana wazi kabisa, na mfano bora uko Kisangani. Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji huo, siku sita mfululizo, makombora yakianguka juu ya nyumba za Wakongo ambao hawakuwa na kesi na yeyote. Mwaka 1999 Kongo ilikuwa imewashtaki majirani wote wawili katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Ikaiondoa kesi dhidi ya Rwanda, kisha ikairudisha upya mwaka 2002.

Mahakama hiyo huhukumu mataifa tu, na huhukumu taifa lililokubali kuhukumiwa. Uganda ilikuwa imeweka tamko la kukubali mamlaka ya mahakama tangu 1963, Kongo tangu 1989. Kwa hiyo kesi ikasikilizwa, na tarehe 19 Desemba 2005 majaji wakasema Uganda ilivunja sheria ya kimataifa. Februari 2022 wakapanga fidia: dola milioni 325, yaani milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa utajiri wa asili, zilipwe kwa awamu 5 za milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Uganda ikaanza kulipa.

Rwanda haikuwa na tamko kama hilo. Wanasheria wa Kongo walitafuta mlango mwingine kupitia mikataba ambayo Rwanda imejiunga nayo, hasa ule wa kuzuia mauaji ya kimbari. Rwanda ilipojiunga na mkataba huo mwaka 1975 ilikuwa imeweka sharti la kuikataa mahakama. Kongo ikajibu kwamba sharti hilo lilifutwa na sheria ya Rwanda yenyewe mwaka 1995. Majaji wakachunguza na kusema: sheria ya ndani ilitungwa, ni kweli, lakini Katibu Mkuu wa ONU hakuarifiwa, kwa hiyo kimataifa sharti lilikuwa bado hai. Tarehe 3 Februari 2006 wakatangaza hawana mamlaka. Hawakusema Rwanda haina kosa. Walisema hawawezi kuuliza.

Basi mwenye nyumba wa Kisangani akawa na vita vilevile, wiki ileile, na mtaa uleule, ila madai yake yakapata mahakama kwa jirani mmoja na kukosa kwa mwingine, kwa sababu ya tamko lililowekwa mwaka 1963 na barua ambayo haikutumwa. Huo ndio mpaka wa sheria ya kimataifa kama ulivyo. Mimi unanikera, na sioni sababu ya kuuficha.

Mlango mwingine umefunguka Arusha. Kongo ilipeleka kesi dhidi ya Rwanda katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2023, maana nchi zote mbili zimeridhia itifaki iliyoiunda. Juni 2025 majaji wakaamua wana mamlaka ya kuisikiliza. Ila mama wa Mugunga, hapa Goma, hawezi kwenda Arusha mwenyewe. Mtu binafsi anapokelewa tu ikiwa nchi anayoishtaki imeweka tamko la pekee la kumruhusu, na Kongo haijaweka. Akitaka kuishtaki Kongo yenyewe, anayezuia ndiyo ni serikali yetu wenyewe, na kuidai hakuhitaji kwenda New York.

Kuhusu CPI, yaani Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, hiyo huhukumu watu, si mataifa. Goma iliuona mpaka wake kwa macho. Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi, alikuwa na hati ya kukamatwa tangu 2006. Kuanzia 2009 aliishi humu mjini akiwa jenerali wa jeshi la taifa. Watu walimwona mikahawani na kwenye uwanja wa tenisi, na magari ya ONU yalipita barabara zilezile. Mahakama haina polisi, na serikali ilisema amani kwanza. Machi 2013, M23 ilipogawanyika, alijipeleka mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali akaomba apelekwe Hague. Marekani na Rwanda, zote mbili, si wanachama wa mahakama hiyo, lakini siku ile hakuna aliyeona faida ya kumzuia. Mwaka 2019 alitiwa hatiani kwa makosa 18 na kufungwa miaka 30. Ni hukumu ya kweli, na waliobakwa na kufiwa Ituri wana haki ya kuiita ushindi. Lakini ilihusu Ituri ya 2002 na 2003. Mauaji ya Kiwanja ya 2008, hapa kwetu Rutshuru, hayakuwemo katika mashtaka.

Kuna upande ambako taasisi hizi hufanya kazi vizuri, na tunausahau kwa sababu hauna milio ya risasi. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018. Mpaka ilipotangazwa kwisha, Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Ugonjwa ulifika Goma Julai 2019, mji wenye uwanja wa ndege na mpaka unaovukwa na maelfu ya watu kila siku, na siku tatu baadaye OMS ikatangaza dharura ya dunia. Mnakumbuka ndoo za maji ya klorini pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka na Rwanda, foleni ya kupimwa joto, kipima joto kikielekezwa kwenye paji la uso la mama mwenye kapu la nyanya, na chanjo iliyotolewa kwa kila aliyemgusa mgonjwa na kila aliyemgusa aliyemgusa. Wagonjwa waliothibitishwa Goma walikuwa 4. Haukusambaa. OMS haina uwezo wa kufunga wala kufungua mpaka. Ilishauri mpaka usifungwe, Rwanda ikaufunga kwa saa chache tarehe 1 Agosti 2019, kisha ikaufungua. Ushauri ulifuatwa kwa sababu kila serikali ilikuwa na woga uleule na kila moja ingepata hasara ileile. Hali kadhalika namba ya simu ya nchi yetu, +243: Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, uliozaliwa mwaka 1865, hupanga mambo hayo, na hakuna nchi yenye faida ya kuyavuruga.

Lakini kazi hiyohiyo ya Ebola ina doa zito. Tume huru iliyoundwa na OMS yenyewe iliripoti Septemba 2021 tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya watu 83 waliofanya kazi katika mapambano hayo, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa OMS. Wanawake waliahidiwa kazi kwa kulala na mtu. Kwa upande wa walinda amani, askari anayemdhuru raia hahukumiwi na mahakama yetu wala na ONU; nchi yake peke yake ndiyo yenye mamlaka ya kumshtaki. ONU inaweza kumrudisha kwao na kuandika barua. Mtoto aliyezaliwa hubaki hapa.

Narudi kwenye ile fidia ya Uganda, kwa sababu ndani yake mna jambo linalomhusu kila aliyepoteza kitu katika vita vya karibuni. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11 na ikapata milioni 325. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilitokana na ushahidi. Majaji walikuta fomu nyingi za waathirika zisizo na viambatisho: hakuna cheti cha kifo, hakuna hati ya kiwanja, hakuna tarehe inayolingana na ya mtu mwingine wa mtaa huohuo. Kwa kukosa hesabu wanayoweza kuitegemea, walikadiria jumla moja kwa kila kundi la madhara. Nchini fedha hizo zinapita kwenye mfuko wa serikali uitwao FRIVAO, wenye makao Kisangani, na waathirika wenyewe wamelalamikia namna unavyosimamiwa.

Kwa hiyo kama nyumba yako iliungua Mugunga, au mtu wako alizikwa kwa haraka Januari 2025, andika sasa: jina kamili, tarehe, avenyu, jina la shahidi aliyekuwepo na la shahidi wa pili asiye ndugu yako. Piga picha ya fishi (hati) ya kiwanja, ya cheti cha hospitali, ya kaburi. Weka nakala kwa mtu anayeishi nje ya mji, na ukiweza, nakala nyingine kwa shirika la haki za binadamu unaloliamini. Kesi ya Arusha imeshapita hatua ya mamlaka. Ikifika ya fidia, majaji watauliza maswali yaleyale waliyouliza wenzao wa Hague.